Siku Nilipokuwa Sijui Kusoma

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi akatuamrisha tutembee juu yake na tuzingatie. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu wasomaji, tangu nirudi kutoka Japani watu wamekuwa wakinisimamisha njiani kunitaka habari. Huyu ataka kujua treni zao zaenda mbio namna gani, yule aniuliza kama ni kweli kwamba wala samaki wabichi, na vijana wa gereji hawana swali ila bei ya magari. Wote nawajibu kwa kadiri ya nilivyoona. Lakini jambo kubwa nililorudi nalo sikulipata katika treni wala katika magari. Nililipata kwa miguu yangu, katika vichochoro vya mtaa mmoja, nalo ni jambo la kunitia haya mimi mwenyewe. Kwa muda nilitaka kulinyamazia. Kisha nikaona kwamba mwalimu afichaye kosa lake, huku akihubiri makosa ya watu, ni sawa na mwenye duka apimaye kwa mizani mbovu.

Nilikwenda kumtazama mwanangu, ambaye kwa miaka kadhaa sasa afanya kazi katika mji wa Kobe, katika biashara ya yale magari yaliyokwisha kutumika. Sote twayajua, kwani yakiteremshwa bandarini kwetu Mombasa bado yana vibandiko vya Kijapani juu ya vioo. Nilifika mwezi wa Novemba, baridi ikianza. Kila asubuhi yeye hutoka kwenda kazini, nami hubaki peke yangu nyumbani. Siku ya kwanza nikakaa. Siku ya pili nikakaa. Siku ya tatu nikakumbuka ule msemo wetu wa kumpa mgeni jembe, nikavaa koti juu ya kanzu, nikatoka. Jembe langu likawa ni kutembea.

Mji wa Kobe umebanwa baina ya mlima na bahari. Kaskazini ni milima ya Rokko, kusini ni bandari, na nyumba zimepangana juu ya mteremko katikati. Mwanangu alinambia, "Baba, ukipotewa, tazama mlima uko wapi. Wenyeji wenyewe huelekezana hivyo, upande wa mlima au upande wa bahari." Nikafurahi, kwani hayo ni maneno ambayo mtu wa pwani ayafahamu bila ya mkalimani. Nikaongeza hesabu yangu mwenyewe. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, lakini huko ni magharibi, pamoja na kupinda kidogo upande wa kaskazini. Kwa hivyo nikisimama milima iwe kuliani kwangu na bahari kushotoni, ninaielekea Makka. Nikaona nimekwisha kuujua mji.

Mtaa aukaao mwanangu huitwa Kitano, nao uko juu kwenye mteremko. Bandari ya Kobe ilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1868, wafanyabiashara wa nchi mbalimbali walijenga huko juu, na baadhi ya majumba yao yangalipo. Chini kidogo ya mtaa huo uko msikiti, wenye kuba na minara, uliofunguliwa mwaka 1935, nao ndio msikiti wa kwanza kujengwa katika nchi ya Japani. Waliouchangia ni Waislamu waliokuwa wakifanya biashara mjini humo, Wahindi na Watatari na wengineo. Mwaka 1945 mabomu ya vita yaliuchoma mji, msikiti ukabaki. Tarehe 17 Januari 1995, alfajiri, ilikuja zilzala kubwa iliyoua watu zaidi ya 6,400 katika mji huo na jirani zake, na msikiti ukabaki pia. Niliposujudu humo mara ya kwanza niliwaombea dua wale waliotoa pesa zao, ambao hawakunijua wala mimi sikuwajua, na bado waliniwekea mahali pa kuweka paji langu la uso.

Basi hapo msikitini nilikuwa mtu mwenye elimu yake. Nilisoma, nikafahamu, na vijana wa Kiindonesia na wa Kipakistani waliniamkia kwa heshima walipoambiwa kwamba mimi ni mwalimu. Lakini nikivuka mlango tu, nageuka bubu na jahili.

Nitakuelezeni. Mimi nilitiwa chuoni nikiwa na umri wa miaka 5, na tangu siku hiyo sikumbuki hata siku moja ambayo macho yangu yaliona maandishi yasiyaelewe. Huko Kobe maandishi yako kila mahali, juu ya nguzo, juu ya kuta, juu ya milango, hata juu ya mashine zinazosimama njiani kuuza chai. Watumia namna tatu za herufi kwa pamoja, na zile ngumu, zilizotoka Uchina, zilizowekwa kuwa ni za lazima kwa matumizi ya kawaida ni 2,136. Mimi sikuijua hata moja. Sikuweza kupambanua duka la dawa na duka la sabuni. Mlango wenye maandishi makubwa mekundu huenda ulikuwa unanikaribisha, na huenda ulikuwa unanikataza, na kwangu yalikuwa mamoja.

Tena njia zao nyingi hazina majina. Wao huhesabu mafungu ya nyumba, si njia, na anwani hukwambia mtaa, kisha sehemu ya mtaa, kisha fungu, kisha nyumba. Namba hizo zimebandikwa kwa kibao kidogo juu ya nguzo au ukuta. Mwanangu aliniandikia anwani yetu kwa herufi zao katika kipande cha karatasi, nikakitia katika mfuko wa koti. Mimi ambaye maisha yangu nimewakataza watu kuvaa hirizi, nikawa kila mara natia mkono mfukoni kuigusa ile karatasi kama bado ipo.

Kila siku nilikwenda mbali zaidi kidogo. Asubuhi niliwaona watoto wa miaka 6 na 7 wakienda skuli kwa miguu pasi na wazazi wao, mikoba mikubwa mgongoni, na wazee wa mtaa wamesimama kwenye vivuko na vibendera kuwavusha. Niliona taka zimetolewa nje kwa siku zake maalumu, zikafunikwa nyavu ili kunguru wasizichakure. Kunguru wa huko ni wakubwa kuliko wetu, lakini tabia ni ile ile, nikajiona niko nyumbani. Niliona viatu vimepangwa mlangoni, kwani wao pia hawaingii na viatu ndani. Niliona wazee wakifagia mbele ya milango yao, na ufagio ukipita kidogo upande wa jirani.

Wako wasafiri ambao wakirudi kutoka nchi kama hizo husema wameuona Uislamu bila ya Waislamu. Mimi silisemi neno hilo, kwani Uislamu ni shahada kabla ya ufagio. Tena mtaani mwetu mle niliona wazee wengi wakaao peke yao, jioni taa moja imewaka, hakuna sauti ya mjukuu. Kila watu wana mtihani wao. Lakini vilevile si insafu mtu kuona jema akalifumbia macho kwa kuwa mwenyewe si wa dini yake.

Jambo lililonishughulisha zaidi lilikuwa chini ya miguu yangu. Kandokando ya barabara kubwa, na katika vituo vya treni, mmetandikwa vigae vya manjano vilivyoinuka kidogo. Vingine vina mistari mirefu, vingine vina vinundu vya duara. Mimi nilidhani ni pambo. Nilipomuuliza mwanangu akanambia, "Baba, hivyo ni vya vipofu. Kipofu akikanyaga mistari ajua njia inaendelea, na akikanyaga vinundu ajua asimame, mbele yake pana kivuko au ngazi au njia inageuka." Akanieleza kwamba aliyevibuni ni Mjapani mmoja, jina lake Seiichi Miyake, mwaka 1965, na vikawekwa njiani kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika mji wa Okayama, karibu na skuli ya vipofu. Leo vimeenea katika nchi nyingi za dunia. Na kwenye baadhi ya vivuko taa ikiruhusu hutoka sauti kama ya ndege, ili asiyeiona taa aisikie.

Tangu siku hiyo kila nikitembea nilikuwa nikiviangalia. Nikawaza kwamba ilibidi mtu mwenye macho akae, ajifanye haoni, ajiulize, "Mimi ningekuwa sioni, ningetaka mguu wangu uambiwe nini?" Nikasema Subhanallah, nikaendelea na matembezi yangu. Sikujua kwamba swali hilo lilikuwa linanijia mimi.

Siku ya kumi na moja, kama sikukosea, nilisali Alasiri nikatoka. Hapo ndipo nilipokosa hesabu. Sisi kwetu jua hutua karibu na saa 12 za jioni mwaka mzima, na mwili wangu umezoea kwamba baina ya Alasiri na Magharibi mtu apata nafasi ya kwenda na kurudi. Huko, katika Novemba, jua latua kabla ya saa 11, na likishatua giza halikawii. Niliingia kichochoro, nikapanda ngazi, nikapinda, nikashuka, mara taa zikawaka na mlima ukapotea. Bahari nayo ilikuwa nyuma ya majumba. Nikatafuta kushoto kwangu na kulia kwangu, sikuwa na kushoto wala kulia. Magharibi imeingia, baridi yanipiga masikioni, na simu aliyonipa mwanangu nimeiacha juu ya meza.

Nikaona duka dogo lina mwanga, nikaingia. Ndani mlikuwa na vijana watatu. Nikatia mkono mfukoni nitoe karatasi, na wakati huo huo mmoja akamwambia mwenziwe neno, wakacheka. Wallahi sijui walikuwa wanacheka nini. Huenda walikuwa na mazungumzo yao wenyewe. Lakini mkono wangu ulikwama mfukoni. Mimi, mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, mwenye ndevu nyeupe, niliona haya kutoa karatasi na kusema kwamba sijui kusoma. Nikajifanya natazama bidhaa. Kisha nikatoka nje kwenye giza, karatasi ingali mfukoni.

Na hapo nje, nimesimama chini ya taa, alinijia mtu ambaye sikuwa nimemkumbuka kwa miaka mingi.

Alikuwa hamali wa mkokoteni katika soko letu. Miaka kama 12 kabla ya safari hii, siku moja baada ya Alasiri, alikuja madrasa kwangu. Alikuwa amekwisha kuoga, amevaa kanzu iliyofuliwa, na mkononi ana daftari jipya alilolizungushia gazeti. Watoto walikuwa wamejaa darasani. Akasimama mlangoni akanambia, "Maalim, nataka nijifunze kusoma. Nataka nimsomee mamangu Yasini juu ya kaburi lake mwenyewe, kwa kinywa changu." Watoto wakacheka, kwani walikuwa wamezoea kumwona akisukuma mkokoteni. Mimi kazi yangu ilikuwa ni kuwanyamazisha. Badala yake nilitabasamu pamoja nao, nikamwambia, "Ewe bwana, ungekuja miaka 40 iliyopita." Akasema, "Haya, Maalim." Akalitia daftari kwapani, akaenda zake. Jambo lenyewe halikuchukua hata dakika mbili, nami nikaendelea na somo.

Nikiwa pale chini ya taa, nilitamani ardhi inimeze. Kwani somo nililokuwa nikilifundisha miaka yote hiyo ni nini? Kila Ramadhani nadarsisha tafsiri. Sura ya 80, tuiitayo Abasa, nimeieleza sijui mara ngapi. Nyote mwajua sababu ya kushuka kwake. Abdullahi bin Ummi Maktum (R.A.), naye ni kipofu, alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka afundishwe, na wakati ule Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi akitaraji wasilimu. Akakunja uso, na kwa hilo Mola wake akamzindua. Baada yake Mtume akimkirimu mno mtu huyo. Alimfanya mwadhini pamoja na Bilali (R.A.), na mara kadhaa aliposafiri alimwachia yeye mji wa Madina.

Sasa pimeni. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika kazi ya kuwaita watu kwa Mwenyezi Mungu, na yule kipofu hata hakuuona uso uliokunjwa, na juu ya hayo yakashuka maonyo yatakayosomwa mpaka Kiyama. Mimi sikuwa katika kazi ya kuwasilimisha wakubwa wa Makureshi. Na hamali wangu alikuwa na macho. Tabasamu langu aliliona.

Sikuweza kusimama zaidi. Mbele kidogo nikamwona mzee anamalizia kufagia mlango wake. Nikatoa ile karatasi, nikampa kwa mikono miwili, nikasema neno la pekee la Kijapani nililokuwa nimelihifadhi, "Sumimasen," ambalo kwao ni samahani, na pia ni ahsante. Mzee akautegemeza ufagio ukutani. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinichukua mpaka kwenye nguzo iliyo karibu, akaweka kidole juu ya kibao, kisha akaweka kidole juu ya karatasi, kunionyesha kwamba maandishi haya na yale yafanana hapa na yatofautiana hapa. Alikuwa ananifundisha kusoma. Tukaenda nguzo ya pili, akafanya vivyo hivyo. Katika nguzo ya tatu akasubiri, nami nikaweka kidole changu mwenyewe, na namba ikawa ndiyo. Yule mzee akatikisa kichwa kwa furaha kama walimu wafanyavyo. Akanifikisha mpaka mlangoni, akainama, nami nikainama, akarudi kwenye ufagio wake. Sikulijua jina lake.

Nikasali Magharibi yangu nimechelewa, na sijdani nilimkumbuka kila mtu niliyewahi kumrudisha mlangoni.

Niliporudi Mombasa, hata mizigo haijafunguliwa, nilikwenda sokoni kumuulizia hamali yule. Mkokoteni amekwisha kuuacha kwa maumivu ya mgongo, siku hizi alinda bohari usiku. Nilimkuta amekaa juu ya ubao nje ya mlango. Akainuka kunipa mkono, nikamwomba akae, nikakaa karibu yake. Nikamwambia, "Bwana, nimekuja kukutaka radhi kwa siku ile uliyonijia na daftari." Nilidhani atasema amesahau, kwani ndivyo watu wasemavyo ili kuondosheana uzito. Hakusema hivyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akanambia, "Maalim, kukusamehe nilikusamehe kabla sijafika kwenye mkokoteni wangu. Lakini kusoma bado sijui."

Ndugu zangu, jawabu hilo sijapata kulisikia katika darasa la mwanachuoni yeyote. Sisi twaona kwamba tukimtaka mtu radhi akaturadhia, basi deni limekwisha. Alinionyesha kwa maneno mawili kwamba radhi ni moja, na haki niliyomnyima ni nyingine, na ya pili haifutwi kwa ya kwanza. Miaka 12 imepita akisali kila siku na hajui kuufungua Msahafu. Miaka hiyo mimi siwezi kumrudishia.

Kwa hivyo tumeanza. Siku tatu katika juma, baada ya Isha, watoto wakishakwenda makwao, huja yeye kabla ya kwenda kazini, na ameleta wenziwe watatu, mmoja ni mkubwa kuliko mimi. Macho yake yalikuwa hayaoni karibu, tukamtafutia miwani. Walianza na alifu, bee, tee, na sasa wanaunga. Hawendi mbio. Yasini bado iko mbali, na umri wetu sote ni ule muujuao. Juma lililopita aliweka kidole chake kinene juu ya juzuu, akaunga herufi za Alhamdu moja baada ya moja mpaka zikawa neno, akanitazama kama atakaye kujua iwapo ndilo. Nilikumbuka nguzo ya tatu.

Basi nawausia, na ninaanza na nafsi yangu. Katika kila nyumba zetu yuko mtu ambaye karatasi imo mfukoni mwake na aona haya kuitoa. Huenda ni mamako, ampaye mjukuu simu amsomee barua kisha asema ni macho. Huenda ni yule msichana akufanyiaye kazi, atiaye sahihi kwa kidole gumba. Huenda ni yule aliyetoka bara, asimamaye pembeni mwa barabara asijue aulize nani. Msimngoje mpaka aseme. Na akisema mbele ya watoto, wanyamazisheni watoto, na kwanza ninyi wenyewe msitabasamu.

Mwenyezi Mungu amlipe kheri yule mzee wa Kitano kwa namna ajuayo Yeye, amwongoze na atuongoze. Amrehemu mama wa ndugu yetu huyo, na amrefushie umri mwanawe mpaka amsomee. Na atusamehe kwa kila uso tuliougeuza. Amin.

Wabillahi tawfiq.